Jina Langu Kwenye Cheti

Iringa,
11 Agosti 2024

Mpendwa Guku,

Shikamoo. Ninaandika nikiwa nimekaa juu ya sanduku langu bwenini, kwa sababu viti vya maktaba vimejaa na mimi siwezi kumwambia mtu asogee. Mimi ni mzima, ila upepo wa huku juu unakausha kila kitu, midomo, nguo kwenye kamba, hata pua. Mara mbili nimetokwa na damu puani. Matroni amenipa mafuta ya kupaka, anasema ndivyo Iringa inavyowapokea watu wa bondeni. Wewe je? Goti linasemaje? Baba aliniambia kwenye simu ya matroni kwamba umekonda. Nikamjibu kwamba sijawahi kukuona ukiwa mnene.

Mchele ulifika salama. Kondakta alinikabidhi mwenyewe, akasema babu yako kanitisha, nikipoteza hata punje moja atanifuata. Jumapili matroni alitupikia, mimi na Alinanuswe, anayelala kitanda cha juu yangu. Naye anatoka Mbarali, karibu na kwetu.

Guku, nina ombi. Madam Verediana anayetufundisha uchumi ametupa kazi: tuandike kuhusu mtu tunayemfahamu aliyekuza mali kwa miaka mingi, maisha yake na fikra zake. Wenzangu wameandika wajomba wenye mabasi na shangazi wenye maduka. Mimi nimekuchagua wewe. Lakini nilipotaka kuanza niligundua sijui kitu. Najua una hisa za kiwanda cha saruji. Najua huuzi. Najua unapanda baiskeli wakati wenzako wana pikipiki. Kwa nini, sijui. Sijawahi kukuuliza uso kwa uso kwa sababu ukinitazama maneno hunikimbia. Kwenye karatasi hayanikimbii sana.

Niandikie ukipata nafasi.

Mjukuu wako,
Minza


Ubaruku,
25 Agosti 2024

Mjukuu wangu Minza,

Marahaba. Na mwangaluka pia, maana naandika asubuhi. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Kukonda ni kweli, mkanda umefika tundu la mwisho na sasa natoboa jingine kwa msumari. Uzee unapunguza mzigo kabla ya safari, ndiyo kazi yake. Huku mpunga umekwisha kuvunwa, mashine zinakoboa kutwa, na kila mtu anauza wakati uleule kwa bei ileile mbovu. Mimi wa kwangu umelala ndani. Wananicheka kila mwaka, na kila mwaka kuanzia Januari wanakuja kuniuliza kama bado ninao.

Umeuliza kuhusu mali. Nitakueleza kama nilivyoelezwa.

Nilikuwa na umri kama wako, bado tuko kaskazini, kabla hatujawafuata ng'ombe na majani kuja Usangu. Ukaja mwaka wa ukame. Mnada ulijaa, watu wanauza kwa bei ya kutupa, na si wote waliokuwa na njaa. Wengi waliuza kwa sababu jirani kauza. Baba yangu akanipeleka mbele ya mtamba mmoja, mbavu nje, macho yamezama. Akaniambia, "Usitazame nyama. Nyama ni mvua, inakuja na kuondoka. Tazama mfupa." Tukamnunua. Ng'ombe wote niliokuja nao huku ni uzao wa yule. Bei ni nyama, Minza. Thamani ni mfupa. Mwandikie mwalimu wako hivyo, na akikupa alama chache mwambie aje Ubaruku tubishane.

Huku nikaona jambo jingine. Kila aliyevuna vizuri alibomoa nyumba ya udongo na kujenga ya tofali. Nikajiuliza, hawa wote wanamlisha nani? Nikapanda basi hadi getini kwa kile kiwanda cha saruji, nikashinda pale nikinywa chai na madereva. Malori yalikuwa yanalala yakisubiri mzigo. Nikasema moyoni, mfupa huu hapa. Wakati ule hisa zake watu walikuwa wanazikimbia. Niliuza madume yangu, nikanunua. Baba yako Ezekiel alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, umebadilisha madume yanayotembea kwa karatasi inayolala." Nikamwambia, karatasi haiingii shamba la mtu.

Tangu hapo sijauza. Gawio likija nanunua nyingine. Sikopi. Sinunui kitu ambacho siwezi kumweleza mama yako akiwa anapepeta mchele akanielewa. Sitazami bei kila siku; ng'ombe ukimpima kila asubuhi, siku moja utamchinja kwa hasira. Na ghalani naacha chakula cha kutosha daima, ili njaa isije ikanishika mkono na kuniuzisha. Ndiyo elimu yangu yote. Ni ndogo, lakini kuishika ni kazi, kwa sababu kila msimu kuna mtu anapita anakimbia, na miguu yako inataka kumfuata.

Na jambo moja usimwandikie mwalimu, hili ni lako. Kila anapozaliwa mjukuu nakwenda Mbeya kwa dalali wa hisa, naandikisha cheti kwa jina lake. Mali ya muda mrefu inataka mwenye muda mrefu, na mimi sina tena. Chako kimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu. Kimekua pamoja nawe. Sikukwambia mapema ili usije ukakaa kukisubiri badala ya kusoma.

Paka yale mafuta.

Guku wako,
Kashindye


Iringa,
8 Septemba 2024

Mpendwa Guku,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa mahali pazuri, maana mimi naiandika nikiwa sina amani.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Ile sehemu ya mfupa nilimsomea Alinanuswe tukiwa tunaanika nguo, kwa sababu nilijivuna. Akawa anakung'uta shati lilelile tena na tena. Nitakuandikia tulivyosema, kama yalivyotoka.

"Minza, babu yako si yule mzee wa baiskeli nyeusi?"

"Ndiye."

"Yule wa karatasi?"

"Karatasi gani?"

"Haya, yaishe."

"Sema, Alina."

"Mimi nasema ya watu, usinichukie. Kwetu wanasema hana mashine ya kukoboa, hana duka, hana basi. Lakini hajawahi kukosa ada ya mtoto hata mmoja. Wanasema anaandika watoto."

"Anaandika vipi?"

"Jina. Anaandika jina la mtoto mahali, mbali huko. Likishaandikwa, mali inakuja na mtoto anakwenda. Dada yako aliitwa nani, Mbuke? Na yule binamu yako wa pikipiki?"

"Masanja hakufa. Anachechemea tu."

"Mama yake si mlokole? Alimkomboa nusu."

Nilitaka kucheka, Guku. Kicheko hakikutoka. Barua yako ilikuwa mfukoni mwa sketi yangu, na ndani yake yameandikwa maneno hayohayo kwa mwandiko wako: jina, cheti, Mbeya.

Mbuke sikumjua. Alifariki kwa homa ya uti wa mgongo nikiwa bado sijaanza kutembea. Ninachokijua ni viatu vyake vyekundu ambavyo mama hajavitoa juu ya kabati. Nimekaa nikivifikiria wiki nzima.

Jana pua ilitoka damu tena.

Naomba unijibu swali moja tu. Je, Mbuke naye alikuwa na cheti? Na Masanja? Nijibu haraka, Guku, hata kwa mstari mmoja.

Mjukuu wako,
Minza


Iringa,
29 Septemba 2024

Mpendwa Guku,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, kwa sababu hujanijibu. Kila basi la Mbarali likifika huwa namuomba mlinzi wa getini aulize, na mlinzi sasa ananiona nikija anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Damu ilinitoka katikati ya mtihani wa hesabu. Ilidondoka kwenye karatasi ya majibu, juu ya swali nililokuwa nalijua. Mwalimu alinitoa nje, nikakaa nimeinamisha kichwa, na kupitia dirishani niliwaona wenzangu wakinitazama mimi badala ya mtihani. Siku ile nilikuwa sijamwambia mtu kuhusu cheti isipokuwa Alinanuswe. Nilimwambia kwa sababu nilikuwa siwezi kulibeba peke yangu. Naona hata yeye hakuweza. Sasa bweni zima linajua. Wawili wamehamisha vitanda vyao upande wa pili. Sabina, kiongozi wa maombi, aliniwekea mkono kichwani na kukemea kitu kinachoitwa "madhabahu ya babu". Nilikuwa nimepiga magoti, na jambo baya kuliko yote, nilisema amina.

Madam Verediana alileta gazeti darasani. Hisa za kile kiwanda zimeshuka sana, kwa sababu kinajengwa kingine kipya na watu wanasema cha zamani kitakufa. Watu wanauza. Alinanuswe akaninong'oneza, "Mali ikipungua ndipo inadai." Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Ninajua jina kwenye karatasi haliui mtu. Nimesoma. Ningeweza kuandika insha kuthibitisha. Lakini hofu hii haisomi insha. Ninaogopa kitu nisichokiamini, na siwezi kubishana nacho kwa sababu hakisemi. Kinasubiri tu. Na wewe ndiye ulinifundisha kwamba anayejua kusubiri ndiye anayeshinda.

Guku, nisamehe kwa ninayoyaandika. Futa jina langu. Sitaki cheti. Mpe mtu mwingine, au kichome. Sijali bei. Futa jina langu.

Minza


Ubaruku,
13 Oktoba 2024

Mjukuu wangu Minza,

Marahaba. Barua zako mbili nimezikuta pamoja, moja juu ya nyingine, kwa mama yako. Nilikuwa Mbeya. Nimekwenda kule mara mbili, kwa mambo mawili, na moja nitakueleza sasa. Nisamehe kwa kimya. Kama ningejua unamuuliza mlinzi wa geti kila basi likifika, ningekuja kwa baiskeli.

Nakujibu. Ndiyo, Mbuke alikuwa na cheti, kilikuwa cha kwanza kabisa. Masanja cha pili. Nilimwandika Mbuke kwa furaha, na nikamzika kwa mikono hii. Mambo hayo mawili yamekaa ndani yangu miaka yote bila kujuana, mpaka barua yako ilipoyatambulisha.

Lakini ngoja, wewe ni mtu wa hesabu. Nyanda ana cheti. Kulwa na Doto wana vyeti, na sasa hivi wako nje ya dirisha wanapigania mpira wa matambara, Doto anamuuma mwenzake mkono. Wajukuu wote wana vyeti, na wamejaa uwanja mzima wanamaliza ugali wangu. Uvumi unahesabu makaburi tu, Minza. Hauhesabu watoto wanaocheza. Ukinunua kitu kwa hesabu ya namna hiyo utafilisika, na ukiishi kwa hesabu hiyo hutalala.

Hayo niliyaandika siku chache zilizopita, kisha nikasoma tena barua yako pale uliposema hofu haisomi insha. Basi hata barua ya babu haitaisoma.

Kwa hiyo nimefuta.

Juzi nilirudi Mbeya kwa dalali. Ni kijana, anaitwa Lutengano, ana heshima na tai fupi. Akaniambia njia fupi ni kuuza zile za jina lako na kununua upya kwa jina jingine. Akageuza kioo cha kompyuta nione. "Mzee, leo ni siku mbaya kuliko zote za kuuza. Wanaouza leo watalia."

"Uza."

"Wewe, mzee? Si ndiye unayewaambia wenzako wakae?"

"Siuzi kwa sababu ya bei, kijana. Nauza kwa sababu kuna mtoto hapati usingizi."

Akauza. Sijawahi kuuza kitu kwa hofu maishani mwangu, hata mwaka ule wa ukame. Safari hii nimeuza kwa hofu, ila haikuwa yangu, nimeiazima kwako. Usiirudishe. Kaa bila hiyo.

Nyingine za badala yake nimenunua kwa jina langu. Kama jina kwenye cheti linaua, basi na liniue mimi. Nimekwisha kula chumvi ya kutosha. Wewe soma, ule, upake mafuta.

Guku wako,
Kashindye


Iringa,
27 Oktoba 2024

Mpendwa Guku,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi nimelala. Niliposoma "nimefuta" nililia kwenye kanga, kisha nikalala mpaka kengele. Wiki mbili sasa pua haijatoka damu. Matroni anasema ni kwa sababu upepo umepungua na mawingu yameanza kukusanyika. Yawezekana.

Insha yangu imepata alama za juu. Madam Verediana aliisoma mbele ya darasa bila kutaja jina, na mimi nilitazama sakafu muda wote. Alirudia mara mbili pale nilipoandika kwamba mwekezaji wa kweli hununua wakati wengine wanakimbia.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Nilimwambia Alinanuswe kwamba umefuta. Nilidhani atafurahi nami. Akauliza, "Na sasa kuna jina la nani?" Nikamwambia la Guku mwenyewe. Akaweka mkono mdomoni. "Minza, si amekubali, basi? Mtu asiye na kitu hafuti." Jumapili iliyopita kulikuwa na siku ya wazazi, mama yake alikuja, nikawaona wakiongea wawili huku wakinitazama.

Mambo yalikuwa mawili, ulisema. La pili lilikuwa nini? Baba aliniambia tena kwamba umekonda. Safari hii sikumjibu kwa utani.

Niandikie, Guku. Mstari mmoja unatosha.

Mjukuu wako,
Minza


Iringa,
10 Novemba 2024

Guku,

Shikamoo. Mlinzi ameanza kutikisa kichwa tena.

Juzi baba alipiga simu ofisini. Alisema umelazwa Mbeya. Nilimuuliza tangu lini, akasema tangu wiki ile niliyokuandikia barua ya mwisho. Nilimuuliza unaumwa nini, akasema "tumbo", halafu akasema "watu wanaongea sana huku", halafu salio likaisha au akakata.

Nilirudi darasani. Kulikuwa na somo la jiografia. Nilichora ramani ya mito nikaijaza yote. Nilikuwa nawaza neno moja, "na liniue mimi". Uliliandika kama utani. Kwa nini uliliandika? Maneno mengine hayafai kuachwa wazi hivyo mtu yeyote akayaokota.

Nilisema futa. Sikusema weka lako.

Kama kuna kitu kilikuwa kinakuja kwangu na mimi ndiye nimekielekeza kwako, nitakaa vipi na hilo? Najua utasema hesabu. Nimejaribu hesabu. Nikifumba macho naona cheti chenye jina lako, na wino bado mbichi.

Jibu, tafadhali.

Minza


Mbeya, hospitalini,
17 Novemba 2024

Mjukuu wangu Minza,

Mkono ni wa mama yako Yusta, maneno ni yangu. Nimemwambia aandike ninachosema na asiongeze chake.

Marahaba zako zote, hata zile ulizosahau kuniamkia nilizijibu. Nimelala karibu na dirisha. Naona mlima, na ukungu unaopanda asubuhi na kushuka jioni kama mfanyakazi wa serikali. Jirani yangu ni mzee wa Kisafwa anayekoroma kama trekta. Tunaelewana.

Sasa nisikilize. Jambo la pili lililonipeleka Mbeya lilikuwa hili tumbo. Daktari alilikuta tangu wakati wa mavuno, wewe ukiwa hujafika hata shuleni, hujaandika barua hata moja. Kilichokuja nyuma hakiwezi kuzaa kilichotangulia. Ugonjwa ulikuwa kwanza. Jina likafuata. Utaambiwa jina limenila, uwajibu hivyo. Ukishindwa kuwajibu kwa mdomo, jijibu mwenyewe.

Habari za Ubaruku hazifichiki, kwa hiyo uzisikie kwangu. Mama yake Alinanuswe alirudi na maneno, na maneno yakatembea haraka kuliko basi. Kwamba mzee amefuta jina la mjukuu mmoja, maana yake kuna kitu. Kesho yake shangazi yako alikuja na cheti cha Masanja. "Baba, na la mwanangu." Keshokutwa wazazi wa Kulwa na Doto. Kisha wengine wote. Walijipanga ukumbini kama mnada wa mwaka ule wa ukame, na hakuna aliyenitazama machoni. Hata baba yako aliniuliza kama kweli lako nimelitoa, aone kwa macho. Sikubishana na mtu. Niliwasomesha kwa maneno miaka yote, ikawa mvua kidogo imekatika wote wamekimbia na ndama zao. Lutengano amefuta yote kabla sijalazwa. Bei nayo imezidi kushuka. Ningekuwa na miguu, ningekuwa pale dirishani kwake nanunua.

Basi sasa mali yote ina jina la mtu mmoja, na mtu huyo amelazwa. Huo ni uwekezaji mbovu, hata mimi nisingenunua. Lutengano huja kunisalimia na fomu mkononi, anauliza jina la mrithi. Namwambia aache wazi. Nimezoea kusubiri.

Sikuombi kitu, Minza. Nakueleza tu kwa sababu uliniuliza maisha yangu na fikra zangu, na habari hii nayo imo. Usikose mtihani kwa ajili yangu.

Guku wako

Mimi mama naongeza, anione tu: hali chakula. Uji vijiko viwili. Anaulizia barua.


Iringa,
5 Desemba 2024

Mpendwa Guku,

Shikamoo. Barua hii sitampa kondakta. Shule inafungwa kesho. Nitashuka kilima asubuhi hadi Ipogolo, nitapanda basi la Mbeya, nitapita njia panda ya Rujewa, ya kwenda nyumbani, bila kushuka, na nitakuletea mwenyewe. Nikifika mlangoni kwako nikakaa kimya, ujue iko mfukoni, nidai.

Mitihani imekwisha. Sikukosa hata mmoja.

Nimefikiri kuhusu ule mnada wa ukame. Nilikuwa najiona kama yule mtamba, mbavu nje, nasubiri kununuliwa. Sasa naona nilikuwa mtu wa kwanza kuuza. Shangazi aliuza kwa sababu mimi nimeuza, na wengine kwa sababu shangazi kauza. Kwenye insha niliandika kwamba mwekezaji wa kweli hununua wakati wengine wanakimbia, nikapewa alama za juu, na wiki ileile miguu iliyokuwa mbele ya wote ilikuwa yangu. Wewe ulisema miguu inataka kufuata. Hukusema inavyouma kuisimamisha.

Jana nilimwambia baba kwa simu kwamba nataka jina langu lirudi. Akasema, "Minza, acha mambo ya wazee, wewe mtoto." Nikamwambia, "Baba, shikamoo, lakini jina ni langu." Sauti ilitetemeka mpaka matroni akageuka kunitazama. Baba akasema tutaongea mbele yako. Alinanuswe naye nimemwambia. Alinishika mkono akaniomba nisifanye, na alikuwa analia kweli, si kwa ubaya. Anaogopa kwa ajili yangu. Nilimwambia hata mimi naogopa.

Hilo ndilo nataka ulijue kabla hujachukua kalamu. Hofu haijaisha, Guku. Nilidhani nikielewa itaondoka, haikuondoka. Ile hesabu yako ya kilichotangulia na kilichofuata nimeiandika kwenye kiganja na bado usiku nikifumba macho naona wino. Naogopa kukuta kitanda karibu na dirisha kimetandikwa. Naogopa kwamba nitaandika jina langu leo na kesho nitaumwa kichwa tu, na nitajua kwa uhakika kwamba ndiyo hiyo. Sitaacha kuogopa kabla ya kesho. Basi nitanunua nikiwa natetemeka. Sidhani kuna aliyenunua mwaka ule wa ukame mikono ikiwa imetulia, hata baba yako.

Asubuhi hii, nilipofika kwenye mstari wa hapo juu, pua ilianza. Huu si upepo, mvua imenyesha tangu juzi, na sijui ni nini. Tone limeanguka pembeni mwa karatasi, utaliona. Mkono ulikwenda wenyewe kutafuta karatasi safi. Nimeurudisha.

Mwambie Lutengano alete fomu. Nitakuwa nimesimama pale. Jina liandikwe hivi:

Mjukuu wako,
Minza Ezekiel Kashindye